Ndege wa Matete ya Sumari

Kaloleni, Arusha
9 Februari 1948

Kwa dada yangu Penina,

Shikamoo, dada. Mfikishie na mama shikamoo yangu, umwambie kwenye sikio la kulia, maana najua la kushoto limekwisha kuacha kazi.

Sisi huku tu wazima. Wifi yako Lydia alisumbuliwa na jino mpaka shavu likavimba, ila mganga wa hospitali ameling'oa na sasa anakula hata mahindi ya kuchoma. Bado tumepanga chumba kwa Bwana Mikidadi, yule dereva wa serikali aliyepigana Burma. Ni mtu wa maneno machache na swala zake hazimpiti. Jirani wa pili ameanza kukaanga kahawa uani, basi nguo zetu zote zinanuka kahawa, nami nikifika bomani makarani wenzangu huniuliza kama nimeanza biashara.

Kazi yangu ya ukalimani inaendelea vizuri. Siku hizi wananiita hata kwenye mashauri makubwa, kwa kuwa Kimeru nimezaliwa nacho na Kiingereza changu hakina makosa mengi. Haya yote ni matunda ya mikono yako, dada. Sijasahau majamvi uliyosuka ukauza ili mimi nikae shuleni.

Sasa nije kwenye neno lenyewe. Yuko Mzungu mmoja hapa, amekuja baada ya vita. Makarani tunamwita Bwana Darubini, kwa sababu haivui shingoni hata akila. Anapenda ndege kama wazee wetu wanavyopenda ng'ombe. Siku moja nilimtajia yule ndege wetu wa matete, jinsi anavyofunga kiota chake juu ya maji, naye aliacha chai ikapoa. Anataka kuja kumwona na kumsikia. Nimemwambia kwamba dada yangu anazijua njia zote za kinamasi cha marehemu baba. Nakuomba umpokee, umtembeze kila mahali atakapotaka. Hatapiga bunduki, nimemwuliza.

Ni mimi mdogo wako,
Nathanaeli Sumari


Nyumbani, Meru
27 Februari 1948

Nathanaeli mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako niliisoma mara mbili kwa sauti, mara ya kwanza kwangu na ya pili kwa mama. Alipenda sana habari ya jino la Lydia, akasema na yeye alikuwa na jino kama hilo mwaka uliozaliwa wewe. Hajambo, isipokuwa kikohozi cha asubuhi. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Migomba yako ya upande wa mashariki nimeitegemeza na miti, maana mikungu ni mizito mwaka huu, nawe hupo wa kuila.

Nilicheka kuhusu Mzungu wako. Aache chai kwa ajili ya yule? Ukimwangalia ni ndege mdogo tu, mgongo rangi ya majani makavu, kifua kama maziwa yaliyotiwa maji, na mstari mweupe juu ya jicho. Wageni hupita wasimwone. Lakini akianza kuimba, amelishika tete ubavuni, mguu mmoja juu na mwingine chini, unajiuliza sauti hiyo inakaa wapi katika mwili ule. Hutoka nene na kwa mafungu, kama maji yanayomiminwa kwenye mtungi wa shingo nyembamba.

Mwambie asubiri mvua za masika. Sasa hivi ni kiangazi, ndege wako kimya. Mvua zikianza atamsikia mpaka achoke. Na umwambie mapema sheria ya baba, nisije nikagombana na mgeni wako: ndege akisha kufunga kiota, hakuna anayekata tete kinamasini mpaka makinda yaruke. Wewe ulikuwa ukidhani baba alikuwa na huruma tu. Alikuwa na huruma, lakini pia alijua kwamba tete la wakati huo halijakomaa, ukiezekea nyumba huoza kabla ya mwaka kuisha. Yule ndege ndiye anayetuambia lini tuingie na mundu. Hatujapata kukosea tangu baba alipolichimbia bonde lile mfereji.

Mgeni ni baraka. Nitampokea kwa sababu anatoka kwako.

Dada yako,
Penina


Nyumbani, Meru
6 Mei 1948

Nathanaeli,

Salamu nyingi kwako na kwa Lydia. Mama anakohoa kidogo zaidi, ni baridi ya mvua. Ndama wa ng'ombe mwekundu anakimbia. Mwalimu Thomasi amepata mtoto wa kike wakambatiza Evaresta, jina ambalo mama hajaweza kulitamka mpaka leo.

Barua yangu hukuijibu, lakini mgeni wako alikuja, nami nikaliona hilo kuwa ndilo jibu. Alifika Jumatatu na gari lake mwenyewe, buti mpaka magotini. Nilimpeleka kwa njia ya upande wa magimbi, tukaingia polepole, na kwa bahati ndege alikuwa akiimba karibu, hata bila darubini angemwona. Bwana Darubini alisimama katika maji na machozi yakamlenga. Sikutegemea. Nilimwonyesha kiota, matete manne yamefungwa pamoja na kikombe kirefu katikati, mayai ndani. Upepo ulikuwa unayainamisha matete mpaka karibu na maji na mayai hayamwagiki. Akasema, "Mama, hii ndege nafanya kazi mzuri sana." Nikampenda, siwezi kusema uongo.

Baada ya hapo hakuangalia ndege tena. Aliniuliza, "Maji hii natoka wapi?" Nikamwonyesha chemchemi tatu. "Na nakwenda wapi?" Nikampeleka mpaka kwenye mawe ya baba, pale maji yanapotokea kuingia mferejini. Alichomeka fimbo yake ndani, akaitoa, akaitazama ilipolowa, akaichomeka tena mahali pengine. Akauliza, "Watu nakaa ndani hapa?" Nikamjibu kwamba hakuna mtu anayejenga nyumba ndani ya maji, ila magimbi ya pembeni ni yetu, matete ni yetu, na ng'ombe wa ukoo wote wananywa pale wakati wa kiangazi. Aliitikia kwa kichwa kama aliyesikia.

Nilimpa ndizi mbivu akala. Alipoondoka mama aliniuliza, "Huyu amekuja kuona ndege au kuona maji?" Nikamwambia ni rafiki wa Nathanaeli. Akaridhika.

Sasa nakuuliza wewe, kwa kuwa mimi sikuridhika kama yeye. Huyu Bwana anafanya kazi gani?

Dada yako,
Penina


Kaloleni, Arusha
19 Juni 1948

Kwa dada yangu Penina,

Shikamoo. Natumaini kikohozi cha mama kimepungua. Namtumia dawa ya chupa kwa mkono wa mama Sadoki anayekuja sokoni. Anywe kijiko asubuhi na jioni. Lydia anawasalimu. Mvua zimeharibu barabara ya Sokoni, tunatembea na viatu mkononi.

Samahani kwa kuchelewa kujibu. Nilipelekwa safari na Bwana Shauri wa wilaya, na niliporudi nikakuta kazi imelundikana.

Jambo la maana ni hili. Mwezi ujao kutakuwa na baraza huko kwetu, kwenye uwanja wa shule ya misheni. Kuna ombi juu ya eneo la kinamasi, yaani mtu ameomba apewe alime. Ni nani, mimi kama mtumishi wa serikali siruhusiwi kusema. Atakuja Bwana wa Ardhi kutoka Dar es Salaam kusikiliza kama ardhi ile ina watu wanaoitumia. Ni mgeni kabisa katika nchi, hajui Kiswahili. Mkalimani nitakuwa mimi.

Nisikilize vizuri, dada. Msije watu wengi kupiga kelele, Wazungu hawapendi. Aseme Mzee Parsimei, mshili na kiongozi wa ukoo wetu, kwa niaba ya wote, kisha useme wewe, kwa kuwa shamba lako la magimbi liko pale. Na msijisumbue na Kiswahili. Semeni Kimeru, lugha ya moyo, nami nitayapeleka maneno yenu moja kwa moja katika Kiingereza. Wewe zungumza zaidi habari za ndege. Nimesikia huyo Bwana wa Ardhi naye ni mpenda ndege. Mweleze ile sheria ya baba kama ulivyoniandikia mimi, itamgusa.

Msiwe na wasiwasi. Mimi nitakuwa katikati yenu.

Ni mimi mdogo wako,
Nathanaeli


Nyumbani, Meru
25 Julai 1948

Nathanaeli,

Salamu. Dawa ya mama ilifika na inamsaidia kulala. Tumeanza kukata matete wiki hii, makinda yameruka yote. Mikono yangu imechanika kama kawaida.

Nimekaa tangu siku ya baraza nikingoja neno lako. Nilikuwa nimepika. Ulijua kwamba nimepika, maana nilikuambia nilipokusalimu, nawe ukasema, "Nitapita, dada." Ndizi na nyama, na mama alikuwa ameketi mlangoni na kitenge chake kipya. Gari la serikali likapita njia ya juu, nikaona kofia yako dirishani. Hata hukugeuza shingo. Nilimwambia mama kwamba Wazungu walikuwa na haraka.

Hukuniambia pia kwamba mwombaji ni mgeni wangu. Nilimwona Bwana Darubini ameketi karibu na Bwana wa Ardhi, wanavuta sigara za kopo moja. Alinisalimu, "Jambo Mama," kama mtu aliyekula ndizi zangu. Nikataka kukuuliza palepale, ila ulikuwa umesimama mbele ya watu na koti lako, nikasema nisimwaibishe mdogo wangu kazini.

Basi nikasema nilivyosema. Unayakumbuka, ila nayarudia kwa kuwa nimeyarudia kichwani kila siku. Nilisema: "Ndege wa matete akiwa na kiota hatukati hata tete moja. Makinda yakiruka tunaingia sote na mundu, tunakata kwa ajili ya mapaa na majamvi na uzio wa ng'ombe. Na ukingoni tunalima magimbi, mimi mjane niliyerudi kwa baba sina shamba lingine. Mahali penye sheria pana mwenyewe. Sisi ndio wenyewe." Mzee Parsimei naye akaeleza jinsi kinamasi kilivyotulisha mwaka wa njaa, na kwamba tangu hapo kila kiangazi magimbi hutoka palepale.

Wewe ukayasema kwa Kiingereza. Niliona maneno yetu marefu yametoka mafupi, nikadhani Kiingereza ndivyo kilivyo. Bwana wa Ardhi akatabasamu. Watu wakapiga makofi. Mama, aliyekuwa amebebwa mpaka pale kwa kiti, alilia kwa furaha kukuona umesimama kati ya wakubwa ukisema kwa ajili yetu. Kila mtu hapa anasema tumeshinda.

Je, tumeshinda? Niandikie.

Penina


Kaloleni, Arusha
30 Agosti 1948

Kwa dada yangu Penina,

Shikamoo. Barua yako imefika. Sisi ni wazima, Lydia amekwenda kwao kwa wiki mbili.

Siku ya baraza nilikuwa na Wazungu na sikuwa na ruhusa ya kushuka garini. Mwombe mama radhi kwa niaba yangu.

Kuhusu shauri, majibu hutoka Dar es Salaam. Mimi ni mkalimani tu, dada, siamui kitu. Tuombe Mungu.

Nathanaeli


Nyumbani, Meru
14 Oktoba 1948

Nathanaeli,

Mama hajambo kiasi. Ng'ombe ni wazima. Leo salamu zinaishia hapo.

Jumatano iliyopita wamekuja watu wa kupima, na minyororo na vigingi vyeupe. Walipiga kigingi katikati ya magimbi yangu. Nilipouliza wakasema eneo lote, chemchemi zote tatu mpaka mawe ya baba, amepewa Bwana Darubini alime ngano, na kwamba mifereji ya kukausha maji itaanza kuchimbwa kabla ya mwaka mpya. Nikawaambia wamekosea mahali, hapa pana wenyewe, tulisema barazani. Mpimaji akasema yeye anapima tu.

Dereva aliyewaleta alikuwa Bwana Mikidadi. Nilimtambua kwa ulivyomweleza, maana aliomba maji ya kutawadha kabla ya kuomba ya kunywa. Nikampa, na alipokwisha kuswali nikamkaribisha kiti. Nikamwambia kwamba mimi ndiye dada yako. Nikamwuliza, "Bwana Mikidadi, wewe ulikuwapo siku ile ya baraza?"

Akasema, "Nilikuwapo, mama. Gari lilikuwa nyuma ya viti vya Wazungu, nami nilisimama karibu na mlango."

"Na Kiingereza unakijua?"

"Nilikaa na Waingereza vitani. Nakisikia kuliko ninavyokisema."

"Basi niambie mdogo wangu alisema nini, maana sisi tulipiga makofi bila kusikia."

Akaniambia, "Mama, mimi nakaa nyumba moja na Nathanaeli. Usinitie katika jambo la ndugu." Nikamwambia ameshatiwa, kwa kuwa vigingi amevileta yeye. Akainamisha kichwa. Kisha akasema, nami naandika kama alivyosema:

"Kimeru sikijui, kwa hiyo sijui wewe ulisema nini. Ninajua alichokisema yeye. Alimwambia Bwana wa Ardhi: Huyu mama anasema hawakati matete kwa sababu ya ndege. Wamewaachia ndege mahali hapa. Hakuna nyumba ndani. Na yule mzee alipomaliza, akasema: Mzee anasema zamani, mwaka wa njaa, watu walipata kulima hapa. Bwana wa Ardhi akauliza, Na sasa? Nathanaeli akamjibu mwenyewe, hakumwuliza mzee. Akasema, Sasa kuna mama mmoja tu, na ana ndugu wa kiume wa kumtunza."

Nathanaeli, nilikaa chini. Nilikuwa na mundu mkononi nikauweka, kwa sababu niliogopa mkono wangu.

Nilikubeba mgongoni kwenye kinamasi kile. Ulianguka majini nikakuvua kwa shati. Ulijifunza kuimba kwa kumwiga ndege yule, mama akakufukuza jikoni kwa kelele. Nikikaa hapa sioni ni wapi palipoharibika.

Bwana Mikidadi huenda alisikia vibaya. Vita vinaharibu masikio ya watu. Niandikie kwamba alisikia vibaya, nami nitakuamini wewe kabla yake. Sikuombi kitu kingine.

Dada yako,
Penina


Levolosi, Arusha
22 Novemba 1948

Kwa dada yangu Penina,

Shikamoo. Tafadhali angalia anwani, tumehamia Levolosi. Kwa Mikidadi hatukuelewana. Chumba hiki kina dirisha kubwa na Lydia anasema hewa ni nzuri, ingawa siku hizi hasemi sana.

Barua yako ina maneno mazito ambayo sikutegemea kutoka kwako. Umeamini maneno ya dereva. Haya, na mimi nakuuliza: ulisema au hukusema kwamba hamkati matete ndege akiwa na kiota? Ulisema. Mzee Parsimei alisema au hakusema kwamba watu walikula pale mwaka wa njaa? Alisema. Hakuna neno nililolipeleka ambalo halikutoka vinywani mwenu. Hujui ukalimani ulivyo. Mtu anasema maneno mia, Mzungu ana subira ya kumi, nawe uchague.

Tena fikiri, dada. Ardhi ile ingechukuliwa tu. Kama si huyu, angekuja mwingine asiyejua hata jina letu. Bwana Darubini ni mtu mwema, na ameahidi kwamba pembeni ataacha matete kidogo kwa ajili ya ndege.

Nilitaka kukuambia habari hii kwa mdomo, lakini bora uijue. Ameniomba niache kazi ya boma niwe msimamizi wa shamba lake. Nitaanza mwezi wa kwanza. Kuna nyumba ya mawe inajengwa pale upande wa juu wa mawe ya mfereji, yenye sakafu ya saruji. Kwa hiyo nitakuwa karibu na mama, jambo ambalo umelitaka siku zote. Na wewe hutakosa kazi, nitahakikisha.

Naomba kitu kimoja. Mama asiambiwe mambo haya ya baraza. Amezeeka, moyo wake hautaweza. Mwache na furaha yake.

Nathanaeli


Nyumbani, Meru
10 Februari 1949

Nathanaeli,

Hii ninaandika kwa sababu nimeachiwa ujumbe, na ujumbe hufikishwa.

Nianze na yale unayoyajua lakini hukuyaona kwa macho yangu. Mzee Parsimei na wazee wanne walikwenda mpaka Arusha kwa Bwana Shauri, na mimi nikiwa nyuma yao. Safari hii tulisema Kiswahili wenyewe. Bwana Mikidadi alisimama akaeleza alichokisikia, bila kuongeza. Bwana Shauri alitusikiliza mpaka mwisho, akasema ya barazani yamekwisha kuandikwa na kupelekwa, yeye hawezi kuyafuta. Wiki iliyofuata Mikidadi aliondolewa kwenye gari la boma, sasa anaendesha lori la kokoto. Nilikwenda kumwomba radhi huko Kaloleni. Mke wake Nusura alinikaribisha chai, naye Mikidadi akasema kokoto hazina maneno mengi, anapumzika. Sikuona kwamba anapumzika.

Mifereji ilichimbwa kabla ya Krismasi. Yale mawe aliyoyapanga baba waliyang'oa kwa mitaimbo. Maji yalitoka kwa kelele siku ya kwanza, kisha yakaenda kimya, na matope yakabaki yamepasuka, na samaki wadogo wakifa katika nyufa. Matete yalichomwa. Ndege walizunguka juu ya moshi, wakitua kwenye uzio na kwenye migomba yetu, mahali wasipojua kukaa. Kwenye mgomba hawana cha kushika. Baada ya siku chache sikuwaona. Yale matete aliyoahidi Bwana Darubini kuyaacha kwa ajili yao yako. Ni kitita kinachotosha jamvi moja. Hakuna ndege aliyerudi humo.

Mimi nalima nusu ya kihamba cha migomba cha Mwalimu Thomasi kwa hisani yake. Usinitafutie kazi.

Sasa habari ya mama. Unajua kwamba alifariki. Siku alipozidiwa nilituma mtu kwako, kwenye nyumba ya mawe, ambayo kutoka mlangoni kwetu naiona. Mtu wangu alikukuta, akakupa habari mkononi, ukasema, "Nakuja." Siku alipokata roho nikatuma tena. Ukasema, "Nakuja." Tulingoja kumshusha kaburini mpaka mchungaji akasema wingu limekaribia. Lydia alikuja peke yake. Aliosha masufuria ya msiba yote, hakukaa kitini, na watu walipomwuliza mumewe yuko wapi alisema hajui. Nilimpenda siku ile kama mdogo wangu wa tumbo moja.

Watu wanasema uliogopa macho yetu. Mimi sisemi kitu. Sikujui tena kiasi cha kukusemea.

Mama sikumwambia. Hilo ulilitaka nami nimelitimiza, si kwa ajili yako. Alipouliza moshi ule ni wa nini, nilimwambia watu wanasafisha shamba. Alipouliza kwa nini ndege wa matete haimbi, nilimwambia ni sikio lake. Nimemdanganya mama yangu siku zake za mwisho, na uongo huo ni wa kwangu na wako, tutaubeba pamoja ingawa hatutaonana.

Asubuhi ya mwisho aliamka ana sauti. Aliniita, akanishika kifundo cha mkono, akaniambia nikuletee maneno. Kwa miezi mitatu iliyopita nimejiuliza ningefanya nini kama maneno yako yangepita kwangu kwanza, ningeyakata wapi na kuyapinda wapi. Na tazama yamepita. Mama hakuwa na shahidi mwingine chumbani. Ningeweza kukuambia amekulaani, nawe ungekufa na laana hiyo. Ningeweza pia kunyamaza.

Alisema hivi, na sijaongeza wala kupunguza:

"Mwambie Nathanaeli nilimwona siku ile barazani. Alisimama vizuri. Alitusemea vizuri mbele ya wakubwa. Mwambie baba yake angefurahi. Namshukuru."

Nimekufikishia.

Penina binti Sumari